Mke Mwenza Aliyeitwa Juno

Mke mwenza wangu aliletwa kwa lori, mwezi wa pili mwaka wa sabini na tatu, na mume wangu alikuwa amemkumbatia mbele ya watu wote wa Bulumbi. Alikuwa na miguu minne. Msicheke! Ningeletewa mwanamke ningejua pa kuanzia. Ningemtukana, ningerudi kwa wazazi wangu, wazee wangekaa kikao. Lakini mbwa utamshtaki kwa nani?

Mume wangu ni Egesa. Ukifika Busia, upande huu wa Uganda au ule wa Kenya, ukauliza ni nani mwenye wale mbwa wa Kijerumani wenye masikio yaliyosimama, wale wa polisi, utaletwa kwetu moja kwa moja. Watu watakwambia: Egesa hana maneno mawili, mbwa wake akiwa na kasoro atakuonyesha yeye mwenyewe kabla hujaiona. Ni kweli. Lakini kila mtu anaisimulia habari hiyo kama vile hakukuwa na mwanamke nyumbani.

Alikuwa akifanya kazi Tororo kwa daktari mmoja Mzungu wa mifugo, aliyekuwa akichunguza ugonjwa wa mbung'o. Kazi ya Egesa ilikuwa kushika miguu ya ng'ombe wakati daktari anachoma sindano. Wageni walipoanza kufunga virago, yule daktari naye akafunga vyake, akagawa vitu kwa wafanyakazi. Mmoja alipata redio, mwingine godoro. Egesa, kwa kuwa daktari alimpenda kuliko wengine, aliambiwa achague: cherehani ya mke wa daktari, au mbwa jike wa miezi kumi na minne, jina lake Juno.

Habari za cherehani zilinifikia kabla yake. Nilikuwa nimeshaondoa mtungi karibu na dirisha ili cherehani ipate mwanga. Nilikuwa nimeshawaambia wanawake wa kanisani waanze kutafuta vitambaa.

Lori lilikuwa la Zubairi, mfanyabiashara wa mjini. Zubairi ni Mwislamu, alisema mbwa hapandi kwenye kiti chake hata kidogo, na kama Egesa hataki kumwacha basi wakae wote nyuma. Wakakaa nyuma. Egesa alishuka mweupe kwa vumbi kama aliyetoka kusaga unga, kamba mkononi, kitabu cheusi kwapani, na hakuna cherehani.

"Mama Loy," akaniambia, "njoo umwone."

Nikamwona. Alikuwa mrefu, mgongo mweusi, miguu ya rangi ya chai ya maziwa. Akanitazama kama mwenye nyumba anayetazama mgeni. Nikamwambia Egesa, "Huyu atashona nguo za nani?" Akacheka, akadhani natania.

Halafu kile kitabu. Daktari alikuwa ameandika humo mama yake Juno, nyanya yake, mama wa nyanya yake, na madume wote waliowapanda, mpaka vizazi vinne huko Ulaya. Mimi nimezaliwa Bulumbi hiihii na Egesa hajawahi kuniuliza nyanya yangu mzaa mama aliitwa nani. Sisemi uongo, mwulizeni. Na tangu nimzae binti yetu Loy hakuniita tena Maggie, jina langu la ubatizo alilokuwa akiliimba wakati wa uchumba. Nikawa Mama Loy, kama wanawake wote. Lakini Juno alikuwa Juno asubuhi, mchana na jioni.

Daktari alimwachia Egesa masharti pia. Asimpandishe kwa dume kabla hajatimiza miaka miwili. Akizaa mara moja, apumzike mwaka mzima. Asipandwe na ndugu yake wala na dume asiyejulikana ukoo. Watoto wasitoke kwa mama kabla ya wiki nane. Kila anayechukua mtoto, nyumba yake ikaguliwe, na akishindwa kumtunza mbwa arudishwe. Zaidi ya yote, kila kitu kiandikwe kama kilivyotokea, na asifute neno. "Ukiandika uongo mara moja humu," daktari alimwambia, "kitabu chote ni cha kuwashia moto." Egesa alilikariri neno hilo kama sala.

Nyinyi mnakumbuka miaka ile. Sukari ilikuwa hadithi. Sabuni tuliipata kwa watu waliopita njia za panya kutoka Kenya, kipande kimoja tunakikata kwa uzi vipande vinne. Mimi nilikuwa nafua kwa majani ya mpapai, na mume wangu anamwogesha mbwa kwa sabuni! Nikiwa na mimba ya pili, mayai mawili ya kuku wangu mwenyewe yaliingia kwenye uji wa Juno. "Manyoya yake yamekosa mng'aro," akasema. Nikamwuliza, "Na mimi je, mng'aro wangu uko wapi?" Akanitazama kwa makini, maskini, kama anayetafuta jibu, kisha akasema nina afya nzuri. Mungu wangu! Nilitaka kumpiga kwa mwiko.

Nilimwonea Juno wivu, nakiri. Nilikuwa nikimwona Egesa anavyomkagua meno, anavyompapasa tumbo, anavyompa pole akikanyaga mwiba. Nikikanyaga mwiba mimi, ananipa pini nijitoe. Nilitaka kitu kimoja tu: yule mbwa aondoke, mume wangu anirudie. Kila Jumapili niliomba hivyo, na sikuona haya.

Mwaka wa sabini na nne Juno akatimiza miaka yake. Dume alipatikana ng'ambo, kwa mzee Wanjala, askari polisi mstaafu wa upande wa Kenya, aliyekuwa na mbwa aitwaye Kaiza mwenye cheti chake. Wenzake walikuwa wanavusha kahawa kwa njia za panya, mume wangu akavusha mbwa. Wakazaliwa watano, wote weusi na kahawia, wote masikio juu.

Sasa, kwetu mbwa hanunuliwi kwa pesa. Anayetaka mtoto wa mbwa analeta kuku. Kuku akishachinjwa na kuliwa, maneno yamekwisha, mbwa ni wako, hakuna wa kukunyang'anya. Egesa alilishika jambo hilo kwa namna yake. Kuku akiletwa alimfunga mguu chini ya ghala, hachinjwi. Kwanza alipanda baiskeli aende kukagua nyumba ya mwenye kuku: kuna kivuli, kuna maji, kuna mtu mwenye huruma? Akiridhika ndipo anasema, "Chinja." Asiporidhika, kuku anarudi kwao akiwa hai. Mimi nilikuwa nikiwasha moto na kuuzima. Kuku kumi na mmoja waliletwa, tukala watano! Aliwahi hata kwenda Paya kumchukua tena mbwa aliyekuwa amefungwa kwa waya, na akampelekea yule bwana kuku mwingine, kuku wangu, wa kumlipa yule tuliyemla.

Sifa hizo zikaenda mbali mpaka zikafika pasipotakiwa.

Mwaka uliofuata, Juno akiwa amekaribia joto lake, siku za kutaka dume, Egesa alivuka kwenda kupanga siku na Wanjala. Mchana huohuo gari la jeshi likaingia uani. Akashuka kapteni, mtu mnene mwenye miwani myeusi, na dereva wake amebeba kuku mweupe, mkubwa ajabu.

"Mama, mzee iko wapi?" akauliza.

"Amesafiri kidogo, afande."

"Mimi nasikia hapa mbwa nalipa na kuku. Haya, kuku hii hapa. Mutoto ya kwanza ni yangu. Dume. Safi kabisa."

Ningemwambia nini? Ningemwambia angoje akaguliwe nyumba? Miaka ile watu walitiwa kwenye buti ya gari kwa kosa la kujibu vibaya. Nikapokea kuku kwa mikono miwili, nikapiga goti. Hilo nisilaumiwe. Lakini gari lilipoondoka ningeweza kumfunga chini ya ghala kama wenzake. Sikumfunga. Nilimtazama yule kuku, nikasema, leo hakuna wa kuniambia ngoja. Nikamchinja. Nikampika na nyanya na vitunguu, na nilikula paja nikiwa nimekaa juu ya kiti cha Egesa.

Alirudi akakuta manyoya meupe. Nikamweleza. Akakaa chini, mikono kichwani.

"Umeniuzia mtoto ambaye hajatungwa mimba," akasema. "Kwa mtu nisiyeweza kumkatalia. Nyumba yake sijaiona."

"Wewe ungefanya nini? Ungekagua kambi?"

"Ningemrudishia kuku wake kwa adabu. Mama Loy, hata Juno nikimwambia asile kitu, hali."

Hata Juno! Mimi niliyemzalia watoto wawili, nikapimwa na mbwa, na mbwa akanishinda. Nilinyamaza siku tatu, na mwanamke wa kwetu akinyamaza siku tatu ujue kuna kitu kinaiva.

Akampeleka Juno kwa Kaiza siku ya kumi na moja ya joto. Akarudi naye, akamfungia katika boma lake la miti, komeo la waya juu. Sharti la daktari: hata akishapandwa afungwe wiki nzima, maana bado anaweza kukubali dume mwingine. Siku ya kumi na tatu Egesa alikwenda mazishini. Nje ya boma alikuwa amelala mbwa wa jirani yetu Etyang, mbwa wa kuwinda panya, sikio moja limekatika, madoa meupe kama aliyemwagikiwa maziwa. Alikuwa amekaa hapo tangu jana, analia kwa mapenzi.

Nikafungua komeo.

Sitasema lilifunguka lenyewe. Nilikuja kutoka jikoni, nikiwa na unga mikononi, nikafungua. Nikajiambia, haya bibi wa Ulaya, nawe uolewe na mtu wa Bulumbi tuone. Baadaye nikamfukuza yule mbwa kwa jiwe, nikamrudisha Juno, nikafunga. Egesa aliporudi alisimama mbele ya boma muda mrefu, akitazama manyoya meupe mgongoni mwa Juno.

"Kuna mtu alikuja hapa?" akaniuliza.

"Nani aje?"

Akanitazama. Kisha akaenda kuchukua kitabu chake, akaandika.

Siku sitini na tatu baadaye wakatoka saba. Wanne walikuwa weusi na kahawia, sura ya Kaiza. Watatu walikuwa na madoa ya maziwa. Watu walikuja kucheka. Hata Etyang alikuja, akasimama kama baba mkwe. Nilifurahi siku moja tu. Siku ya pili nikakumbuka kuku mweupe, na furaha ikanitoka yote.

"Mpe kapteni mmoja wa wale weusi," nikamwambia Egesa. "Masikio yatasimama. Nani atajua?"

"Mama yao alipandwa na madume wawili. Siwezi kumwapia hata mmoja."

"Apa tu! Utakufa kwa ajili ya masikio ya mbwa?"

"Yeye atampandisha kwa jike wa mtu mwingine, na yule naye atamwamini," akasema. "Uongo wangu utazaa, Mama Loy. Utazaa kila mwaka."

Wiki nane nilikuwa silali, nakonda. Kila gari likipita barabarani naacha kazi, natoka kuchungulia. Nilikuwa nimemwomba Mungu aniondolee mbwa, sasa namwomba aniachie mume.

Kapteni akaja. Egesa alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Akamletea wale saba ndani ya kikapu, akamwonyesha wote, na akamwambia yote: Kaiza, kisha mbwa wa jirani, na kwamba hao weusi wanne wanapendeza lakini yeye hawezi kuwaita safi. Nilisimama nyuma yake nimeshika mlango.

"Nani nafungua lango?" kapteni akauliza.

Hapo ndipo palikuwa pangu. Neno moja tu: mimi. Nilifungua mdomo, na haki ya Mungu, ulimi haukuja.

"Mimi, afande," Egesa akasema. "Nilisahau komeo."

Kapteni akavua miwani, akampa dereva aishike. Akampiga makofi mawili, la pili likamwangusha. Akampiga teke la mbavu, bila haraka. Kisha akaelekeza kidole kwenye boma.

"Hiyo mama, iko safi?"

Egesa alikuwa bado chini. Angesema hapana, angemwokoa. Nilimwona anavyolitafuta neno, akashindwa.

"Huyo ni safi," akasema. "Vizazi vinne."

"Basi mimi nakwenda na mama."

Walimtia Juno nyuma ya gari. Hakubweka, alikuwa anamtazama Egesa akingoja kuambiwa la kufanya. Na mume wangu, mdomo unatoka damu, akalikimbilia gari kwa mguu unaochechemea, akashika dirisha la dereva. Nilidhani anamwombea arudishwe. Alikuwa akisema, "Msimpe mifupa ya kuku, inamkwama. Msimfunge kwa waya. Anaogopa radi, mumweke ndani." Akasema hayo mpaka gari likampokonya dirisha mkononi.

Basi, nilikuwa nimeshinda. Mke mwenza ameondoka. Egesa aliosha bakuli la uji la Juno, akalifunika juu ya nguzo ya boma, akakaa chini akalia kwa sauti mchana kweupe. Alipozikwa mama yake hakulia hivyo. Niwaambie ukweli, hata wakati ule, nikimwona ameumia hivyo kwa ajili ya kosa langu, wivu ulikuwa bado unanichoma. Nilijiuliza, nikichukuliwa mimi atalikimbilia gari? Atakumbuka kwamba naogopa radi pia?

Wale saba aliwagawa kwa majirani, bila kuku, akimwambia kila mtu ukweli. Mwaka wa sabini na sita alibeba kuku akavuka kwa Wanjala, akapata binti wa Kaiza, akaanza upya. Hakubadilisha sharti hata moja. Na kila mgeni aliyekuja alimwambia maneno yaleyale, "Ukoo wa kwanza niliuvunja mimi mwenyewe, kwa uzembe. Angalieni malango yenu." Mimi niko hapo namimina chai, inamwagika kwenye sahani. Miaka mitatu nilisikia maneno hayo. Nilijiambia, hajui, angejua angeshanifukuza. Nikawa namdharau kidogo kwa kutojua, na kujidharau mimi zaidi.

Mwaka wa sabini na nane alikuja mwalimu Felistus kutoka Molo, na kuku wake kwapani. Huyo alikuwa mwanamke wa maswali. Akataka kujua kwa nini kila mara Egesa anataja ukoo wa kwanza, ulikuwaje.

"Mama Loy," mume wangu akaniita, "tuletee kitabu."

Aliyasema hayo huku akitazama meno ya mtoto wa mbwa. Sijui kama alisahau ama alikuwa amechoka kungoja.

Mimi nilifika darasa la nne. Nasoma polepole lakini nasoma. Kitabu kile sikuwahi kukigusa, kwa kuwa nilikichukia. Vitabu vya wake wenza havisomwi. Nikakifungua chumbani nikiwa nimesimama. Kurasa nzima kwa kalamu ya wino, herufi zake zimenyooka, hakuna mahali amefuta, kama alivyoamriwa. Nikafika mwaka wa sabini na tano. Siku ya kumi na moja, Kaiza. Siku ya kumi na tatu, mbwa wa Etyang. Chini yake ameandika: komeo lina unga wa mahindi. Halafu: Aliyefungua. Hapo palikuwa na neno limekatwa kwa mstari mmoja mwembamba, na mbele yake, Egesa.

Mstari ule haukufunika kitu. Neno lililokatwa lilikuwa Maggie.

Hakuandika Mama Loy. Nilikaa kitandani. Jina langu lilikuwa ndani ya kitabu kile miaka mitatu, katikati ya mbwa, na mimi nalalamika kwamba halimo.

"Mama Loy! Mgeni anangoja."

Kulikuwa na penseli ya Loy dirishani, pale ambapo cherehani ingekaa. Nikaichukua. Nikalikata neno Egesa, na juu ya lile lililokatwa nikaandika tena jina langu, kubwa, mpaka karatasi ikachubuka. Nikatoka nikampa kitabu mbele ya mwalimu, kimefunguliwa palepale.

Akasoma. Akapitisha kidole juu ya penseli. Mwalimu Felistus akauliza, "Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwalimu," Egesa akasema. "Kulikuwa na kosa, limesahihishwa." Akanipa mtoto wa mbwa nimshike, akasema bila kunitazama, "Kaa hapa, Maggie. Mweleze mgeni habari za lango."

Nikakaa, nikamweleza.